GUNIA LA KILO 60 NA SHINGO YA MPAGAZI
Usalama na upesi wa kazi katika maghala ya kahawa



Kahawa ya Uganda inayouzwa nchi za nje huhesabiwa kwa gunia la kilo 60. Nchi haina bahari, na sehemu kubwa ya kahawa yake hupitia bandari ya Mombasa. Lakini kabla ya kuanza safari hiyo, kahawa hukaa ghalani. Humo husafishwa, huchambuliwa, hutiwa katika magunia, hupangwa, na mwishowe hupakiwa katika makontena. Katika kila hatua yupo mtu anayenyanyua.

Makala hii yaeleza hatari zilizomo katika kazi hiyo na njia za kuziondoa. Tunapodai usalama, jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba usalama ni gharama na kwamba utachelewesha kazi. Tuitazame hesabu yenyewe. Mambo yanayomvunja mfanyakazi ghalani ndiyo hayo hayo yanayopoteza saa na kuharibu mali. Wafanyakazi wa chai, sukari na mbolea nao watayatambua, maana gunia ni gunia.

HESABU YA KONTENA MOJA

Kontena la futi 20 huchukua magunia 320 hivi ya kahawa, yaani kilo 19,200. Likipakiwa na wapagazi wanne, kila mmoja hubeba magunia 80. Hizo ni kilo 4,800, karibu tani tano, zilizopita juu ya kichwa, shingo na mgongo wa mtu mmoja. Makontena yakiwa mawili katika zamu moja, kila mtu amebeba zaidi ya tani tisa na nusu.

Sasa tupime mwendo. Ikiwa kutoka kwenye mlundo hadi mlango wa kontena ni mita 40, basi kwa magunia 80 mpagazi hutembea mita 3,200 akiwa na mzigo, na nyingine 3,200 akirudi mtupu. Mlundo huo ukipangwa mita 10 tu kutoka mlangoni, mwendo wa mzigo hupungua kuwa mita 800. Hakuna mashine iliyonunuliwa wala mtu aliyehimizwa akimbie. Kilichobadilika ni mpango. Kahawa inayosubiri kusafirishwa iwekwe karibu na mlango wa kupakilia, na ile itakayokaa muda mrefu iwekwe nyuma.

Jambo la pili la kuhesabu ni idadi ya mara gunia linaposhikwa. Lorini hadi mizani, mizani hadi sakafuni, sakafuni hadi mlunduni, kisha mlundo huhamishwa kwa sababu uliziba njia, kisha hushushwa tena. Kila mshiko usio wa lazima ni kazi bure kwa mwajiri na ni hatari bure kwa mfanyakazi. Kanuni ya kuwa mali iliyoingia kwanza itoke kwanza si ya wenye vitabu peke yao. Ikifuatwa, milundo haihamishwi ovyo kutafuta gunia la zamani lililofukiwa chini.

KILO 55, NA BAADA YAKE

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, lilipitisha Mkataba Namba 127 juu ya uzito wa juu wa mizigo. Mkataba huo wasema kwamba mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao uzito wake waweza kuhatarisha afya yake au usalama wake. Wataka pia wanawake na vijana wawekewe mipaka zaidi. Pendekezo Namba 128 la mwaka huo huo lilitaja kiasi: mahali ambapo mwanamume mzima huruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55 peke yake, hatua zichukuliwe upesi kupunguza uzito hadi hapo.

Gunia la kahawa la kilo 60 limezidi kiasi hicho kwa kilo tano. Mzigo ambao biashara yote ya kahawa huutumia kuhesabia ni mzito kuliko ulivyopendekezwa mwaka 1967 kwa mgongo wa mtu mmoja. Huko Brazili, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote, sheria ya kazi yenyewe imetaja kilo 60 kuwa kipimo cha juu cha mtu mmoja.

Elimu ya mwili haikusimama mwaka 1967. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipotengeneza upya hesabu yake ya kunyanyua mizigo katika miaka ya 1990, ilianzia kilo 23 kwa mtu aliye katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, haugusi sakafu, na hakuna kujipinda. Mzigo ukiwa mbali na mwili au chini miguuni, au ukinyanyuliwa mara nyingi kwa saa moja, kiasi hicho hupungua zaidi. Mpagazi wa kahawa hunyanyua toka chini, hujipinda, na hurudia kutwa nzima.

Madhara hayaji siku moja. Pingili za uti wa mgongo na nyama laini iliyo katikati yake huchakaa pole pole. Mtu huanza kusikia maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, kisha ganzi. Akifika hapo huambiwa ni mzee, akalipwa siku zake na kwenda nyumbani. Hakuna ajali iliyoandikwa kitabuni, kwa hiyo hakuna fidia. Ndiyo sababu tunasema maumivu ya mgongo yaripotiwe kwa maandishi mapema, na nakala ibaki kwa mjumbe wa Chama.

Gunia la kilo 60 halitatoweka kesho. Lakini kuna njia. Watu wawili wanyanyue pamoja hadi begani. Toroli itumike pale sakafu ilipo sawa. Meza ya kimo cha kiuno iwekwe kwenye mizani na kwenye cherehani ya kushonea midomo ya magunia, ili mtu asiiname. Mkanda wa kupandishia magunia utumike kufikia sehemu ya juu ya mlundo. Zipo pia ghala zinazomimina kahawa ndani ya kontena lililotandikwa mfuko mkubwa, bila magunia kabisa.

MLUNDO ULIOSIMAMA VIBAYA

Mlundo wa magunia huua kwa namna mbili: huporomoka, au mtu huanguka kutoka juu yake. Magunia yapangwe kwa kupishana kama matofali, safu moja ikifunga nyingine, na kadiri mlundo unavyopanda safu zirudi ndani kidogo. Wakati wa kushusha, anza juu na uteremke kwa ngazi. Kuchomoa magunia ya chini ili kuharakisha, mpaka mlundo ukawa kama pango, ni kujichimbia kaburi. Urefu wa mlundo uandikwe ukutani kwa rangi, na msimamizi asiruhusiwe kuuvuka kwa sababu tu msimu ni mkubwa na nafasi ni ndogo.

Magunia yakae juu ya vichaga vya mbao, mbali na sakafu, na pasiwe na gunia linalogusa ukuta. Nafasi inayomtosha mtu kupita iachwe kuzunguka mlundo. Kahawa safi huhifadhiwa ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 12 hivi. Ikigusa saruji yenye unyevu huota ukungu, na bei yake huanguka. Nafasi ile ile inayoipa kahawa hewa humwezesha mfanyakazi kuuona mlundo unaoanza kuinama, na kukimbia ukianguka. Hapo mwenye mali na mwenye mgongo wanataka kitu kimoja.

GESI ISIYOONEKANA

Wadudu wa kahawa huuawa kwa kufukiza dawa chini ya maturubai. Dawa inayotumika sana ni vidonge vya fosfidi ya alumini. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ni sumu kali kwa wadudu na kwa watu pia. Humfanya mtu aumwe kichwa, atapike, abanwe kifua, na ikiwa nyingi humwua. Wengine husikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua isitegemewe kuwa mlinzi: gesi yaweza kuwepo bila harufu. Kiwango cha kisheria cha Marekani kwa zamu ya saa nane ni sehemu 0.3 tu katika sehemu milioni moja za hewa.

Kwa hiyo, ghala likifukizwa, milango ifungwe, na tangazo lenye alama ya hatari libandikwe katika lugha ambazo wafanyakazi wanazisoma. Mtu asilale humo wala jirani yake, hata mlinzi. Baada ya siku za kufukiza, maturubai yafunuliwe na watu waliofunzwa, wenye vinyago vya kukinga gesi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii gesi. Hewa ipimwe kwa kifaa kabla ya wapagazi kurudi. Mabaki ya vidonge yasimwagiwe maji kidogo kidogo na kurundikwa, maana yaweza kutoa gesi tena na kuwaka. Kontena lililofukizwa nalo lifunguliwe kwa tahadhari hiyo hiyo.

Swali la kumwuliza msimamizi ni moja: "Hewa imepimwa saa ngapi, na nani, na ilisomeka ngapi?" Kama hana jibu, ghala halijafunguliwa.

MASHINE IKIINGIA

Maghala mengi sasa yana mashine za kuinulia mizigo, yaani foklifti. Foklifti ya kuinua tani mbili yenyewe huzidi tani tatu, na huzunguka kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hupiga watu waliodhani wako salama ubavuni. Njia za mashine na njia za miguu zitenganishwe kwa rangi sakafuni. Mtu asipandishwe juu ya uma zake. Dereva awe amefunzwa, na afunge mkanda; mashine ikipinduka asiruke nje, maana ndipo humlalia. Ya dizeli au petroli isiwashwe ndani ya ghala lisilo na hewa, kwa sababu ya moshi wenye sumu.

Lakini iko hatari nyingine, nayo tusifichane. Mashine inapoingia, wapagazi hupungua. Wengi wao ni vibarua wanaolipwa kwa gunia, na ndio wa kwanza kuambiwa wasije kesho. Chama hakipingi mkanda unaookoa mgongo. Kinachotakiwa ni makubaliano kabla mashine haijafika: wapagazi waliopo wafundishwe kuiendesha na kuitunza kabla ya kuajiri wengine, malipo kwa gunia yageuzwe kuwa mshahara wa siku, ili mtu asilazimike kukimbia na mzigo apate chakula, na faida ya kazi iliyokuwa nyepesi igawanywe.

KAMATI ZIFANYE NINI

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007, Tanzania ya mwaka 2003. Ya Kenya yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mkataba Namba 155 wa ILO wa mwaka 1981 wamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu ya haki, kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake. Na mwezi Juni 2022 ILO iliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo nchi wanachama zote hupaswa kuziheshimu hata kama hazijatia sahihi mkataba wenyewe.

Sheria bila hesabu mkononi haisogezi kitu. Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila kamati ya ghala ifanye kazi ya siku moja:

1. Ihesabu gunia moja linashikwa mara ngapi toka lorini hadi kontenani.

2. Ipime mita toka mlundo hadi mlango, na kilo anazobeba mtu mmoja kwa zamu.

3. Iandike urefu wa milundo, na mahali magunia yanapogusa ukuta.

4. Idai kuona daftari la kupima gesi.

5. Iorodheshe waliosimama kazi kwa sababu ya mgongo tangu msimu uliopita, vibarua wakiwemo.

Karatasi hiyo iletwe mezani pamoja na madai ya mishahara. Mwajiri anayejua bei ya kila kilo ya kahawa hapana budi asikie pia kila kilo imepita juu ya shingo ya nani.