Kicheche wa Wazungu na Mafua ya Kuku

UKIFIKA Njisi, wilayani Kyela, pale Mto Songwe unapotutenganisha na Malawi, kuku hana pasipoti. Anatiwa kwenye tenga, tenga juu ya baiskeli, safari imeiva. Asiyesafiri analala chumba kimoja na watoto. Sasa wewe mshikaji wa mjini unayesubiri kuku wa kienyeji kutoka huko, umeshajiuliza kama mafua yake yanaweza kukuingia?

Mdondo watu wanaujua, unafagia banda zima na mwenye banda anabaki mzima. Mafua makali ya ndege ni mambo mengine. Mwaka 1997 kule Hong Kong kirusi cha H5N1 kiliwapata watu 18, wakafa 6, na kuku zaidi ya milioni moja wakachinjwa. Wala usiseme ni mbali. Januari 2017 Uganda ilitangaza ndugu yake, H5N8, baada ya ndege kufa kando ya Ziwa Victoria.

Basi wataalamu watajuaje kama kirusi cha kuku kimeanza kumzoea binadamu? Hawawezi kukujaribu wewe. Panya wa maabara anaugua, ila mafua hayampigishi chafya kama sisi. Fundi wa chafya ni fereti, mnyama mrefu mwembamba wa ukoo mmoja na kicheche. (Namsema kicheche wa porini jamani, wa mtaani kwenu muacheni!) Njia yake ya hewa inapokea virusi vya mafua karibu sawa na yetu. Huko London mwaka 1933 ndiye aliyewaonyesha Smith, Andrewes na Laidlaw kwamba mafua ya watu yanaletwa na kirusi. Mwaka 1936 fereti mgonjwa alimpigia chafya Dk. Stuart-Harris, na haikupita siku mbili daktari naye hoi.

Kazi yenyewe iko hivi. Fereti mgonjwa anakaa kizimba kimoja, mzima kizimba cha jirani. Hawagusani, wanachangia hewa tu. Wa pili akiugua, kimenuka. H5N1 ya kuku ilikuwa haivuki, mpaka Ron Fouchier wa Rotterdam alipoibadili kidogo na kuipitisha fereti hadi fereti mara 10. Ikavuka! Dunia ikashikana mashati, na Januari 2012 watafiti wakasimamisha kazi hiyo kwa mwaka mzima. Kusema kweli hata mimi niliona ni kuwasha moto ili ujue unavyounguza. Lakini waliodakwa na hewa hawakufa hata mmoja, na fereti si mtu, kwa hiyo ubishi haujaisha.

Mpaka leo mtu kumwambukiza mtu mwenzake ni nadra. Anayekumbwa zaidi ni yule anayeshika kuku mgonjwa au mfu. Hatari iko kwenye kumnyonyoa, si kwenye sufuria iliyochemka sawasawa. Kuku wakianza kufa ghafla, aitwe afisa mifugo, na hiyo supu samehe.