Jumla iliposafiri ikarudi Joomla

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili huku kwetu Tetu alinionyesha juzi tovuti waliyoundiwa na mwanafunzi wake wa zamani. "Profesa," akasema, "mtambo wenyewe unaitwa Joomla. Hili si neno letu kweli?" Kabla sijamjibu akabofya mahali, na kwenye skrini pakazuka ujumbe: "Mtumiaji 1 imefutwa." Tukacheka sote wawili. Baadaye nilipokuwa narudi nyumbani nikaona kwamba jina lile na kosa lile ni hadithi moja.

Tuanze na jina. Naam, ni letu, kwa kadiri neno la mkopo linavyoweza kuwa la mtu. Jumla tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako imejengwa kwa konsonanti j-m-l. (Wapo wanaoihusisha na jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa. La hasha! Hayo ni ya mzizi mwingine, ingawa kwa sikio la Mswahili yanaonekana ndugu wa tumbo moja.) Katika sarufi ya Kiarabu jumla ni sentensi, na Kiurdu kinaitumia kwa maana iyo hiyo. Sisi tukaipeleka sokoni na darasani: tunanunua kwa jumla au rejareja, tunajumlisha hesabu, tunasema "kwa jumla" tukitaka kufunga mazungumzo.

Sasa ilifikaje kwenye tovuti? Joomla ni mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kupachika habari, picha na matangazo kwenye tovuti. Ilizaliwa kwa ugomvi. Kulikuwa na mfumo ulioitwa Mambo, mali ya kampuni ya Australia iliyoitwa Miro. Sisemi jina hilo lilichotwa kwetu, maana mambo ni dansi ya Kyuba vilevile. Programu yenyewe ilikuwa huria, ikijengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Mnamo Agosti 2005 ukazuka mzozo kuhusu wakfu ulioundwa kuusimamia mradi huo, na waundaji wakuu wakajiondoa. Hapa ndipo leseni ya programu huria inapoonyesha meno. Jina Mambo lilibaki kwa wenyewe, lakini msimbo waliruhusiwa kuondoka nao, kuubadilisha na kuusambaza. Walichokosa ni jina tu. Wakachagua jumla, kwa maana ya "wote pamoja", wakaiandika kwa tahajia itakayomwongoza msomaji wa Kiingereza aitamke sawasawa. Toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka uo huo.

Mkikuyu wa hapa Tetu hahitaji maelezo marefu kuhusu jumuiya ya namna hiyo. Ni ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Tofauti moja ni kubwa, hata hivyo. Kwenye ngwatio asiyekuja kulima hutambulika, na zamu yake ikifika atajikuta peke yake shambani. Kwenye programu huria anayevuna bila kulima hana wa kumuuliza. Na sisi Waswahili, kusema kweli, tumevuna zaidi.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu wenzetu wameendelea kututembelea ghalani. Matoleo ya Joomla hupewa majina ya siri, na kwa muda sasa ni ya Kiswahili: baadhi ya matoleo ya mfululizo wa tatu yaliitwa Amani, la 4.0 la mwaka 2021 Furaha, kisha wakaja na Kuamini, Uaminifu, Bora, Pamoja. Tazama walivyotoa kitenzi-jina na nomino dhahania kutoka mzizi mmoja! Nomino zetu zinapendeza zikiwa peke yake, kama vito. Shida huanza zinapotakiwa kuingia kwenye sentensi.

Hapo tunarudi kwa yule mtumiaji aliyefutwa. Programu nyingi huacha pengo katika sentensi, kisha mashine hulijaza kwa nambari au jina. Kiingereza kinavumilia pengo hilo, kwani kitenzi chake hakijali kama kilichofutwa ni mtu, kitabu au picha. Kiswahili kinajali: mtumiaji amefutwa, kifungu kimefutwa, picha imefutwa, watumiaji wamefutwa. Ukiweka kiambishi kimoja kwa vyote, umevunja upatanisho wa kisarufi. Joomla haina lawama hapa. Katika mafaili yake ya lugha kila ujumbe una ufunguo wa herufi kubwa, kisha matini ndani ya alama za mtajo, na umoja unaweza kupewa mstari wake tofauti na wingi. Kijana wetu alitafsiri sentensi moja akainakili kote. Alikuwa peke yake, usiku, bila mtu wa kumsahihisha. Wanaisimu tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye makongamano, tukibishana tarakilishi, ngamizi au kompyuta.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Lakini hata hapo pana fundo. Kompyuta hutambua lugha kwa msimbo wa lugha na wa nchi, kwa hiyo kuna sw-KE na kuna sw-TZ. Je, tufanye tafsiri mbili? Kwa maoni yangu, hapana. Watafsiri ni wachache mno kugawanywa kwa mpaka wa Namanga, na tofauti zetu zingetosha kwenye ukurasa mmoja wa istilahi.

Nilikaa na kijana yule Jumamosi tukarekebisha. Pale ujumbe ulipotaja jambo moja tuliandika mstari wake kamili. Pale mashine ilipoweza kutaja chochote, tulikwepa upatanisho: "Idadi ya vilivyofutwa: 1." Si fasaha sana, ila hakuna ngeli iliyotukanwa. Tulikwama kwenye neno makala tu. Yeye alitaka "makala imechapishwa", mimi "makala yamechapishwa", mwalimu wake akaunga mkono upande wake. Nilishindwa kwa kura mbili kwa moja, na ndivyo inavyosomeka sasa kwenye tovuti ya shule.