Mzazi Ahamie Makao ya Wazee Lini?

Umri peke yake si sababu ya kumhamisha mzazi. Twashauri mtazame shughuli za kila siku: je, aweza kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani na kuinuka kitandani bila kusaidiwa? Akishindwa na mbili au tatu kati ya hizo, na nyumbani hapana mtu wa kushinda naye, shauri la kuhama lina msingi. Lakini akichanganyikiwa ghafula, mpelekeni hospitali kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa zisizopatana, huweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, naye akatibiwa na kurejea hali yake.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Basi aulizwe yeye mwenyewe angali na fahamu zake, jambo ambalo ndugu hulisahau kikaoni.

Msitie sahihi mkataba kabla ya kuusoma nyumbani. Huenda ada ya mwezi isijumuishe nepi, dawa wala daktari. Ulizeni usiku hubaki wahudumu wangapi, na amana itarudishwaje mzee akifariki au akirejea kwake.