Kabwe: Jina au Amri? Maelezo Juu ya Kufumua Programu za Kompyuta

Kabwe ni mahali penye bandari ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, magharibi ya nyanda za juu za Ufipa. Mtaalamu wa lugha za Kibantu alionapo jina hili hutamani kulikata papo hapo: ka-, kiambishi cha udogo, na -bwe, shina lifananalo na lile la jiwe katika lugha nyingi za ukoo huu. Lakini umbo peke yake halithibitishi neno, na wenye haki ya kuulizwa kwanza ni wenyeji. Tatizo lilo hilo, la kukata umbo pasipo hakika ya maana, limo katika kazi ya kufumua programu za kompyuta, na jina la Kabwe laweza kuwa mfano wake.

Mtunzi wa programu huandika maneno yasomekayo na watu, mathalan kwa lugha iitwayo C. Kisha kompaila huyageuza kuwa faili ya objekti, yaani mfululizo wa baiti zifahamikazo na mashine. Katika mgeuzo huo mengi hupotea. Maelezo aliyoyaandika mtunzi kwa Kiswahili kando ya amri zake hayaingii kabisa, na majina ya vigeu vya ndani kwa kawaida hayabaki. Hubaki majina ya fanksheni ziitwazo kutoka nje, tuseme hesabu_mizigo, pamoja na maneno yaliyokusudiwa kumtokea msomaji.

Afumuaye hutumia chombo kama objdump, kimoja katika mkusanyo wa GNU Binutils. Aandikapo objdump -d kabwe.o, hutokea safu tatu: anwani, baiti kwa hesabu ya kumi na sita, na amri kwa vifupisho. Neno kufumua lafaa hapa kuliko kufasiri, maana afumuaye kitambaa hupata nyuzi zake zote, wala hapati sababu ya mfumaji kuchagua nakshi ile.

Ugumu wa kwanza ni mipaka. Katika mashine za ukoo wa x86 amri moja yaweza kuwa na baiti 1, na yaweza kufika 15, wala hapana nafasi ya kutenganisha amri na amri. Baiti b8 01 00 00 00 ni amri moja: weka 1 katika rejista eax. Aanzaye kusoma kwenye baiti ya pili haoni kosa lolote. Huona amri mbili za kujumlisha, 01 00 na 00 00, zote halali na zote za uongo. Wasemaji wa Kiswahili walilifanyia vivyo neno la Kiarabu kitab: silabi ki, iliyo sehemu ya neno lenyewe, ilidhaniwa kuwa kiambishi, ndipo vikazaliwa vitabu. Lakini mkato wa wasemaji ukikubaliwa na wote huwa sarufi. Wa mfumuaji hauna bahati hiyo.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Programu fupi iliyotungwa kuandika neno Kabwe huliweka neno hilo katika sehemu iitwayo .rodata, mbali na amri, ambazo zimo katika .text. Herufi zake ni 4b 61 62 77 65. Alama ya -s huzionyesha kama herufi. Alama ya -D humwamuru objdump kufumua kila sehemu kana kwamba yote ni amri. Kwa mashine ya biti 32 hutokea haya: 4b, dec, punguza 1 katika ebx, 61, popa, rudisha rejista kutoka katika rundo la kumbukumbu, 62 77 65, bound, pima kama esi imo ndani ya mipaka iliyoandikwa penye anwani ya edi kuongeza 101. Ni amri tatu kamili, hakuna baiti iliyosalia, na mkato wa mwisho waangukia palepale, kati ya ka na bwe. Ni sadfa tupu. Baiti zizo hizo zikisomwa kwa mashine ya biti 64, 61 haina maana, na objdump huitia alama ya ubovu.

Kwa hiyo mfumuaji hulazimika kutafuta ushahidi nje ya baiti zenyewe: orodha ya sehemu kwa -h, majina kwa -t, na marekebisho ya anwani kwa -r. Hayo ya mwisho hayafai kudharauliwa. Katika faili ya objekti ya biti 32, wito wa fanksheni ya nje kama puts huandikwa e8 fc ff ff ff, kwa kuwa mahali uendako hapajajulikana bado. Kwa -d peke yake wito huo huonekana ukielekea katikati ya mwili wake mwenyewe, jambo lisilo na maana; kwa -dr hudhihirika kwamba hizo fc ff ff ff, yaani -4, zimeshika nafasi tu, zikingoja anwani ya puts kutoka kwa programu ya kuunganisha faili. Na programu iliyokwisha kuunganishwa ikipitishwa katika strip, hata jina la hesabu_mizigo hutoweka, ikabaki anwani.