Pini 20 na Rula ya Chuma

Januari ndiyo mwezi wangu wa kazi hapa Ifakara. Shule zinafunguliwa, na mashati, sketi na kaptula za nusu ya mtaa zinapita kwenye cherehani yangu. Nikimaliza kushona, nafunga mzigo kwenye karia ya baiskeli na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Sare 30 si mzigo mwepesi. Mwaka mmoja, kila nilipokanyaga pedali kwa nguvu ili niondoke, kitu kililia “tak!” chini yangu, pedali ikashuka ghafla na mzigo wote ukayumba.

Mji wetu ni wa baiskeli. Bonde la Kilombero ni tambarare, na baiskeli ndiyo inayobeba mpunga, maji, mbao, hata mgonjwa. Mafundi hawakosekani, lakini mzee ninayemwamini, yule wa chini ya mwembe, alikuwa amekwenda Mahenge kwenye msiba. Nami sare zilikuwa zinasubiriwa. Nikaipindua baiskeli uani, magurudumu juu, nikakaa kwenye kigoda kuitazama.

Njia ya nguvu ya mguu ni fupi. Inatoka kwenye pedali, inapita krenki na sproketi kubwa, inavutwa na cheni, inafika kwenye sproketi ndogo ya nyuma iliyo sehemu moja na friwili. Nilihesabu meno nikitia alama ya chaki, kama ninavyotia kwenye kitambaa: 48 mbele, 20 nyuma. Maana yake mzunguko mmoja wa pedali unalizungusha gurudumu mara 2.4, na kwa gurudumu la inchi 28 ni zaidi ya mita 5 za barabara. Jino moja likiponyokwa na cheni wakati umeegemeza uzito wote, mguu unaanguka hewani.

Nikaishuku cheni. Niliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka maji meusi yakaisha, nikaipaka mafuta ya kupikia kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Siku tatu baadaye yalikuwa yamegeuka gundi, na vumbi la barabara limeganda humo kama unga kwenye mwiko. Kuruka hakukupungua hata kidogo.

Nilikuwa nimesikia kwamba cheni “inavutika” ikizeeka. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, na sisi washonaji nusu inchi tunaijua kuliko mtu yeyote, ndiyo tunayoiacha kwenye mshono kila siku. Pini 20 za kuhesabu baada ya ile ya kuanzia zinapaswa kutimiza inchi 10. Nikachukua mkanda wangu wa kupimia, nikapima. Inchi 10 kamili. Nikaamini cheni ni nzima, nikapoteza wiki nzima nikikaza nati za gurudumu, nikisogeza gurudumu nyuma, nikilaumu pedali.

Aliyenizindua ni mwanangu, bila kukusudia. Alikuwa akichora mistari kwenye daftari kwa rula ya chuma, na mkanda wangu ulikuwa umelala kando ya rula ile. Alama hazikulingana. Mkanda wa kitambaa, uliovutwa viunoni na mabegani mwa watu kwa miaka, ulikuwa umerefuka. Nikapima cheni upya kwa rula: badala ya milimita 254, ilikuwa 258. Mkanda mchakavu ulikuwa umepima cheni chakavu, na vyote viwili vikakubaliana kunidanganya. (Siku hiyohiyo nilinunua mkanda mpya. Nikakumbuka pia mteja mmoja aliyelalamika kiuno, nami nikambishia.)

Ajabu ni kwamba chuma cha cheni hakivutiki. Cheni ya namna hii ilibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880: kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya kijibomba, na juu ya kijibomba kuna kirola kinachokaa kati ya meno. Mchanga ukiingia humo, pini na kijibomba vinasagana. Milimita 4 ukizigawa kwa viungo 20 ni 0.2 kwa kila kiungo, unene wa karatasi mbili za daftari. Jicho haliwezi kuiona. Ikikusanyika ndipo inapojitokeza.

Nikanunua cheni mpya, nikaifunga kwa kile kiungo chenye kibanio. Nilikifunga kwa haraka, mdomo wake wazi ukielekea mbele, na kibanio kikachomoka njiani nikakitafuta vumbini kwa nusu saa. Upande uliofungwa ndio unaotangulia safari. Lakini hata nilipokirekebisha, cheni mpya iliruka vibaya kuliko ya zamani. Nilirudi dukani nimekasirika, nikasema mbele ya wateja kwamba nimeuziwa bandia. Muuzaji akaining'iniza sambamba na nyingine kutoka kwenye boksi, zikalingana pini kwa pini. “Mama, tazama meno ya nyuma,” akaniambia kwa upole.

Yalikuwa yamechongoka na kuinama kama meno ya papa. Cheni ndefu ilikuwa imeyala taratibu mpaka yakafanana nayo. Cheni ya vipimo sahihi haikupata pa kukaa, ikawa inashika jino moja au mawili na kuyapanda. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi, tena nikangoja wateja wawepo, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomsema.

Mzee wa mwembe alikuwa amerudi. Kufungua friwili sikuweza nyumbani, kwa kuwa kila ukikanyaga pedali inajikaza yenyewe, na hii ilikuwa imejikaza kwa miaka. Alibana funguo yake kwenye jiliwa, akalishika gurudumu zima kama usukani wa lori, akalizungusha. Nilimlipa, nikamwomba ile ya zamani. “Ya nini, mwanangu?” “Nataka kuona tumbo lake, mzee.”

Hilo ndilo somo nililolifurahia kuliko yote. Usoni friwili ina pete yenye vitundu viwili. Niligonga kwa msumari na nyundo kuelekea kushoto mpaka vitundu vikaharibika, ndipo nikakumbuka pedali ya kushoto, ambayo hesi yake ni ya kinyume. Nikagonga kuelekea kulia, ikaachia. Gololi ndogo kama punje za mtama zikamwagika kwenye sinia, na chini yake kulikuwa na vijino viwili vinavyosukumwa na springi nyembamba kama uzi. Ukikanyaga, vijino vinasimama na kung'ata. Ukiacha kukanyaga, vinalala na kupita juu ya mapengo: tik, tik, tik. Mlio ule nimeusikia tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza unatoka wapi.

Lakini kujua si sawa na kuelewa. Mwezi wa Aprili mvua zilipojaza barabara, friwili mpya ilianza kukwaruza. Niliiosha kwa mafuta ya taa, kisha nikaijaza grisi nzito nikidhani naihurumia. Asubuhi yenye baridi pedali zikazunguka kama feni na gurudumu limesimama: grisi ilikuwa imevigandisha vijino, vikashindwa kuinuka. Nikaiosha tena, nikatia matone machache ya mafuta ya cherehani, na mlio ukarudi. Mafuta hayohayo ndiyo ninayotia kwenye cheni sasa, tone moja kwa kila kirola, kisha naifuta kwa kitambaa mpaka nje ikauke, kwa kuwa kazi yake iko ndani na ya nje huita vumbi tu.

Kila mwisho wa mwezi napima. Mara ya mwisho rula ilisoma milimita 255. Ikisogea kidogo tu kutoka hapo nanunua cheni nyingine, kabla haijafika kwenye meno. Mwanangu ndiye anayeshika rula upande wa sifuri, na hanikubalii nisome namba mpaka ahakikishe pini yake imekaa juu ya mstari.