Kufungwa, Kufungiwa na Saa: Istilahi za Kuingia Katika Seva ya Ofisi

Nia ya makala haya ni kueleza baadhi ya istilahi zinazohusu kuingia katika seva ya ofisi, yaani kompyuta kuu inayotunza majalada na kuzihudumia kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo katika mtandao. Tunamkusudia hasa msimamizi wa seva hiyo, pale anapoandika jina lake na nywila yake, seva ikamkatalia, na kwenye kioo ukatokea ujumbe wa mstari mmoja ambao mfasiri aliuandika bila kumfikiria atakayeusoma.

Mifano yetu tumeielekeza Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mji huo ni mlango wa barabara kuu na wa reli ya TAZARA kuelekea Zambia, na tangu tarehe 5 Oktoba 2019, kilipozinduliwa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, maofisa wa nchi hizo mbili hufanya kazi bega kwa bega. Katika ofisi ya wakala wa forodha mjini humo, msimamizi akishindwa kuingia katika seva asubuhi, hati hazichapwi, na dereva wa lori la shaba hulala foleni siku nyingine. Kwa hiyo ujumbe wa maneno matatu una uzito wake.

Tuanze na neno msimamizi lenyewe. Mwalimu hulijua kwa msimamizi wa mtihani, mwanasheria kwa msimamizi wa mirathi, na karani kwa yule mkubwa wake anayetia sahihi fomu ya likizo. Ujumbe unaosema "Wasiliana na msimamizi wako" humpeleka karani huyo moja kwa moja kwa mkubwa wake, ambaye huenda hata nywila ya seva haijui. Hapana budi kuandika "msimamizi wa mfumo", hata kama nafasi kwenye kioo ni finyu. Aidha, seva iliyounganishwa na nyingine huweza kuwa na wasimamizi wa namna mbili: msimamizi wa seva hiyo pekee, na msimamizi wa kikoa kizima. Mtu mwenye akaunti ya namna ya kwanza, akiandika jina lake tupu, seva huweza kulitafuta katika kikoa na kumkana, ingawa nywila yake ni sahihi kabisa. Katika seva za Windows hutakiwa atangulize jina la seva yenyewe, au nukta, kisha mkwaju wa kurudi nyuma, ndipo jina lake. Neno kikoa, kwa wasiolijua asili yake, ni la zamani: ni ushirika wa watu wanaochanga na kula kwa zamu. Waliolichagua kwa jamii ya kompyuta zinazotambuana walichagua vema, kwani ndani ya kikoa aliyekwisha kutambuliwa na mmoja hutambuliwa na wote.

Ujumbe "Jina au nywila si sahihi" usiguswe. Baadhi ya wafasiri, kwa kutaka kumsaidia msomaji, huutenga uwe jumbe mbili. Seva huficha kwa makusudi ni lipi kati ya mawili lililokosewa, ili mwizi asijue kwamba jina alilolikisia lipo. Hiyo "au" ni kufuli. Kadhalika "nywila si sahihi" isichanganywe na "huna idhini". La kwanza ni la uthibitishaji: seva haijaridhika kwamba wewe ndiwe. La pili ni la uidhinishaji: imekwisha kukujua, ila jambo unaloliomba hukupewa. Anayesoma la pili akabadili nywila hupoteza wakati wake bure.

Sasa tufike penye matata zaidi. Mtu akikosea nywila mara kadhaa, kwa idadi iliyowekwa na wasimamizi wenyewe, seva humzuia kwa muda. Tafsiri iliyoenea ni "Akaunti imefungwa". Lakini duka lililofungwa ni lile lililokwisha biashara, na akaunti ya benki iliyofungwa haipo tena. Msomaji wa Tunduma akiuona ujumbe huo huandika barua Mbeya au Dar es Salaam kuomba "afunguliwe akaunti", na anayeipokea, kwa kufuata Kiswahili cha benki, humfungulia akaunti mpya isiyo na haki hata moja ya usimamizi. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Tatizo limo katika istilahi.

Lugha yetu ina dawa karibu. Kurasa za michezo zimezoea kuandika kwamba mchezaji amefungiwa mechi tatu, na hakuna shabiki anayedhani kwamba ameachishwa mpira. Kauli ya kutendewa hapa inabeba mambo mawili tunayoyahitaji: kwamba kizuizi kimemwelekea mtu fulani, na kwamba kina mwisho. Kwa hiyo tunapendekeza "Umefungiwa kuingia kwa muda". Akaunti ambayo msimamizi ameizima kwa hiari yake iitwe iliyositishwa. Iliyoondolewa kabisa, iliyofutwa. Na nywila iliyopita siku zake, iliyoisha muda. Kinyume cha kufungiwa kisiwe kufunguliwa, kwa sababu tuliyoieleza, bali kuondolewa kizuizi. Na mwongozo uongeze sentensi moja: akiondolewa kizuizi na kufungiwa tena baada ya dakika chache, itafutwe kompyuta nyingine au programu iliyohifadhi nywila yake ya zamani, ambayo huendelea kubisha hodi kwa niaba yake.

Limebaki neno saa, na hapa Tunduma ina somo lake. Katika kikoa, seva humpa aliyethibitishwa hati yenye muhuri wa wakati, ili hati iliyoibwa isiweze kutumika baadaye. Kwa kawaida, saa za kompyuta mbili zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, hati hukataliwa na msimamizi haingii, hata nywila yake iwe sahihi. Ujumbe wake hutafsiriwa "Kuna tofauti ya saa kati ya kompyuta na seva". Kwetu saa ni chombo, ni kipimo cha dakika 60, na ni jibu la "saa ngapi". Msomaji aliye mpakani huielewa kwa maana ya pili, na ana haki, kwani Nakonde, upande wa pili wa mstari, wako nyuma yetu kwa saa moja kamili. Saa tatu asubuhi ya Tunduma ni saa mbili ya Nakonde.

Tofauti hiyo ya majira peke yake haimzuii mtu, kwa maana kompyuta hulinganisha wakati wa dunia, ambao Tanzania huutangulia kwa saa tatu na Zambia kwa saa mbili. Madhara huja pale mtu anaposahihisha saa ya kompyuta kwa mkono akifuata simu yake, na simu hiyo imenasa mnara wa ng'ambo. Kompyuta huendelea kujiona iko katika majira ya Tanzania, nayo inasoma saa za Zambia. Upungufu wa dakika 60 umepatikana, na mlango umefungwa. Aliyesoma "tofauti ya saa" atajiona amekwisha kuirekebisha.

Hivyo ujumbe uandikwe: "Wakati wa kompyuta hii haulingani na wakati wa seva." Neno saa libaki kwa chombo, majira kwa ukanda wa nchi, na wakati kwa kile kinacholinganishwa. Katika miongozo, nyakati ziandikwe kwa tarakimu nne, kama 09:00, pamoja na jina la majira, kwa kuwa "saa tatu" ya karani wetu na "saa tatu" inayoonekana katika kioo cha seva zimeachana kwa saa sita.