Lugha ya Darasa na Lugha ya Karakana: Mafunzo kwa Vitendo ya Wanafunzi wa Fizikia Jijini Bujumbura

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua nafasi ya lugha katika mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya fizikia jijini Bujumbura. Mafunzo hayo humtoa mwanafunzi darasani na kumweka katika maabara, kituo cha umeme au karakana kwa muda maalumu. Mijadala inayoyahusu hujikita zaidi katika uhaba wa nafasi na vifaa. Makala haya yanadai kwamba hata pale nafasi inapopatikana, maarifa mengi hupotea iwapo mwanafunzi na fundi hawana istilahi za pamoja.

2. Mazingira ya kilugha

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, hufundisha sayansi kwa Kifaransa. Nje ya darasa, Kirundi ndiyo lugha ya takriban wananchi wote, nacho Kiswahili kina mizizi ya muda mrefu katika mitaa ya Bujumbura, hasa Buyenzi, mtaa unaofahamika pia kwa mafundi wake wa magari. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujifunza kanuni kwa Kifaransa, akaelekezwa na fundi kwa Kirundi au Kiswahili, kisha akaandika ripoti kwa Kifaransa. Kila hatua ni tafsiri, na si kila kitu huvuka salama.

3. Mfano wa kauli ya fundi

Tuchukue kauli ya kawaida: "Betri haina nguvu." Katika Kiswahili cha kila siku, neno nguvu hubeba dhana ambazo fizikia huzitenganisha: kani, nishati, volti, na kasi ya matumizi ya nishati. Kauli hiyo inaweza kumaanisha kwamba chaji imekwisha, kwamba seli moja imekufa, au kwamba ukinzani wa ndani umeongezeka.

Tofauti hizo zina uzito. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa imejaa chaji, husoma takriban volti 12.6 pasipo mzigo. Betri iliyochakaa inaweza kukaribia kiwango hicho, lakini volti zake zikaporomoka hadi chini ya 9 stata inapovuta mkondo mkubwa. Fundi mzoefu hulitambua hilo bila mita: huwasha taa za mbele, hupiga stata, kisha hutazama jinsi mwanga unavyofifia. Hilo ni jaribio la ukinzani wa ndani, ingawa halikupewa jina hilo. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba betri ni mbovu ameiacha fizikia karakanani. Anayeuliza, "Haina nguvu kabla ya kupiga stata au wakati wa kupiga?" ameanza kupima.

4. Upeo wa kikanda

Suala hili linavuka mipaka ya jiji. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mradi wa umeme wa Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80, ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Miradi ya aina hiyo huhitaji wataalamu wanaoelewana wanaposoma kipimo kimoja. Msingi wa istilahi upo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1990. Kinachokosekana ni daraja kati ya kamusi na karakana.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila ripoti ya mafunzo iambatane na faharasa fupi ya maneno ya mafundi, visawe vyake vya Kifaransa na vya Kiswahili sanifu, pamoja na kipimo kinachohusika. Pili, fundi msimamizi aruhusiwe kutoa tathmini yake kwa Kirundi au Kiswahili, ili hukumu ya anayeijua kazi isipungue kwa sababu ya lugha. Tatu, faharasa hizo zikusanywe na kuwasilishwa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa ajili ya usanifishaji. Hatua hizi hazihitaji maabara mpya. Zinahitaji vyuo kukubali kwamba fundi naye ni chanzo cha maarifa, na kwamba maneno yake yanastahili kuandikwa.